Pini Ikidondoka

...maana akitikisika tena nitamchoma, na nikimchoma atapiga yowe, na akishapiga yowe atalifanya yowe lenyewe kichekesho, mdogo wangu huyu hakuna jambo linalompata likabaki jambo tu, akijikwaa ni kichekesho, akifukuzwa kazi ni kichekesho, hata siku ile mama alipozimia jikoni tukadhani ndiyo basi tena, alipofumbua macho tu huyu akamwinamia, "Mama, ulitaka kuondoka bila kutuambia ulikoficha ufunguo wa kabati la sukari?" na mama, jasho bado linamtiririka, akacheka mpaka akashika mbavu... simama wima, Chiriku, simama wima nikukunje upindo uende zako, lakini siwezi kumwambia hivyo, nina pini mdomoni, nimezibana kwa midomo vichwa nje, na mwenye pini mdomoni husema kwa macho tu, nami macho nimemkodolea lakini yeye anajitazama kwenye kioo, amesimama juu ya meza yangu ya kukatia na suti mpya ya kijivu, soksi imetoboka kidole gumba kinachungulia, chaki yangu ameishika kama kipaza sauti, anaiambia sura yake mwenyewe, "Mabibi na mabwana, leo nimekuja na adabu zangu zote," anasikiliza kicheko ambacho hakipo, halafu ananitupia jicho huku chini, anatazama midomo yangu. Anatazama pini. Huo ndio mtindo wetu tangu alipoanza kupanda majukwaani, kila kichekesho kabla hakijaenda kwa watu kinapita hapa dukani kwanza, mimi nikiwa kazini, pini mdomoni, na sheria ni moja, pini ikidondoka kinaingia, isipodondoka kinatupwa, hata akipende vipi, hata akililie, na mimi midomo yangu imekomaa, miaka yote hii ya kushona sijawahi kumeza pini wala kuidondosha kwa bahati mbaya, wateja wameniudhi, wamenisifu, wamenikopa, pini ziko palepale, sasa mtu anayeweza kuitoa pini kwenye mdomo huu amefanya kazi, na ukumbi mzima ukija kuvunjika mbavu usiku hawajui kwamba hapa mchana kuna mwanamke amekwisha kukipima kwa midomo, hakuna anayejua, ni sisi wawili tu.

Na leo ndiyo siku mbaya kuliko zote, anajua, ninajua, ndiyo maana anatikisika, mwenye ukumbi amemwambia waziwazi, leo kabla ya yote upande uombe radhi kwa kile kichekesho cha miguu ya dada yako, au huyo dada mwenyewe aje akae safu ya mbele, taa imwangaze, watu wamwone anacheka, tuyamalize, bila hivyo jukwaa langu usilikanyage tena, na akikosa lile jukwaa ataenda wapi, hajui kazi nyingine, aliwahi kupewa kazi ya kulinda ghala akawachekesha wezi mpaka wakakaa wakapiga soga naye, kwa hiyo juzi akaja hapa, hakukaa hata kitini, akaning'inia mlangoni kama mdeni, "Dada, safu ya mbele, nusu saa tu, ukicheka mara moja inatosha," nikamwambia nitaona, kumbe hata kabla kiti hakijapoa... hapana, hakukaa kitini... kumbe hata kabla mlango haujafungwa vizuri akaingia Mama Mwenyekiti wa chama chetu, chama cha wenye ulemavu, mama mmoja wa heshima zake, fimbo yake mpini wa shaba, akakaa, akapangusa jasho, akasema, "Mwanangu, tunataka utoke useme. Redioni, popote. Useme kwamba umeumia. Ukisema wewe, yule kijana amekwisha." Nikamuuliza na kama sikuumia, Mama? Akanitazama kwa huruma ile ya kutazamia mgonjwa, "Umeumia, mwanangu, umezoea tu." Basi nikabaki nimekaa hapa na mguu wangu huu wa kushoto, mfupi kwa upana wa vidole vitatu tangu utotoni, homa ilikuja ikachukua chake ikaondoka, mguu ambao maisha yangu yote hakuna aliyeutaka, leo unagombewa, huyu anautaka safu ya mbele ucheke, yule anautaka redioni ulie, hakuna hata mmoja aliyeuuliza mguu, wala mwenye mguu. Na redio nayo haipumziki, asubuhi tu wakati napasha pasi nilisikia mmoja amepiga simu, "Mwacheni aseme, mdomo ni wake," na mwingine akaja juu, "Afungwe, awe mfano," na mtangazaji kwa raha zake anachochea kuni, nikajikuta nabishana na redio peke yangu, pasi mkononi, mdomo ni wake sawa, hakuna anayemkatalia mdomo, lakini mguu ni wa nani? Karibu niunguze gauni la watu.

"...nimeambiwa kuna watu nimewaudhi," anasema huko juu, sauti ya jukwaani, ile ya kujifanya hamnazo, "na mimi kuudhi watu sipendi, mimi hata mbu nikimuua namwomba radhi kwanza..." Hii haidondoshi hata uzi, Chiriku, songa mbele, na usikunje goti, mguu wa kulia nimeshaumaliza, upindo umelala vizuri juu ya kisigino, sasa nasogeza kigoda changu kwenye wa kushoto, kigoda kinalia kwii, na meza hii, jamani meza hii, hata nikitaka kumkasirikia kwa moyo wote inanizuia, maana meza hii ni yake, pesa yake ya kwanza ya jukwaani, kijipesa kidogo cha kuchekesha kwenye harusi ya mtu, hakununua viatu, na viatu alikuwa hana, alikwenda kwa seremala akamwambia nataka meza fupi, pana, imara ya kusimamia mtu, seremala akamuuliza ya nini, akasema dada yangu ni fundi cherehani na hawezi kuchuchumaa kupima pindo za watu, sasa badala ya yeye kushuka, watu wapande. Nikarudi kutoka sokoni nikaikuta katikati ya duka, yeye amesimama juu yake pekupeku, mikono kiunoni, "Mteja wako wa kwanza huyu hapa, ila hana suruali ya kukunja." Niligeuka nikajifanya natafuta mkasi, nililia. Tangu siku hiyo wachungaji wa kanisa, mabibi harusi, askari, walimu, wote wanapanda, mimi nakaa kwenye kigoda changu kama malkia, pindo zao ziko usawa wa macho yangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini, wanadhani ndiyo ufundi wenyewe.

Basi mtu kama huyu utamwambiaje amekuumiza? Utaanzia wapi? Maana hata kile kichekesho hakukianzisha yeye, ni mimi, nilikuwa binti mdogo, tunakwenda shule, yeye ni mdogo kwangu lakini anatembea taratibu makusudi asinitangulie, na watoto wa njiani wanatukodolea, wengine wanaiga, na yeye alikuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti, hawezi kupigana na mtu, alijaribu mara moja akarudi nyumbani na jino mkononi, basi siku moja nimechoka kuigwa nikasimama nikawaambia, "Mnashangaa nini? Mguu huu unasema ndiyo, huu unasema hapana, wako njiani wanabishana, lakini tunafika." Wakacheka, lakini si kile kicheko cha kwanza, kilikuwa kingine, mmoja akanibebea mkoba. Na mdogo wangu akanitazama kama mtu aliyeona mlango mahali alipodhani pana ukuta, kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa anawahi, tukiona kundi jipya tu anatangulia mbele, "Huyu dada yangu, miguu yake inabishana, msiiingilie," anawanyang'anya kicheko kabla hawajakitoa wenyewe, na kila alipofanya hivyo nilipita salama. Mama akisikia anakunja uso, "Hayo ya humu ndani yaacheni humu ndani," lakini usiku anaomba arudiwe. Kwa hiyo kilikuwa chetu. Nilimpa, sikumbuki kumpa, lakini nilimpa, kama unavyompa mdogo wako koti lililokubana, hulikumbuki mpaka umwone nalo mtu mwingine barabarani.

Na sasa analo kila mtu. Kikaingia kwenye simu, kikakatwa, kikafupishwa, kile kipande cha mwisho "lakini tunafika" yeye mwenyewe ndiye aliyekikata, alisema kinalegeza, akabaki na "ndiyo, hapana, ndiyo, hapana" huku anachechemea jukwaani, mzuri wa kuigiza, simnyimi sifa zake, bega lake la kushoto anavyolishusha ni mimi mtupu, na watu wakakibeba hicho tu, nikipita pale kwa wauza mboga mwanamume mzima mwenye ndevu anahesabu hatua zangu, ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, wenzake wanapiga makofi, si kwa ubaya, wanacheka na mimi, wanadhani nimo, "Mambo, dada wa Chiriku!" na mimi nacheka, nimezoea kucheka, nanunua nyanya zangu naondoka, natembea kwa kujikaza mguu usiseme kitu. Mimi naweza, lakini yule bibi harusi aliyekuja kupimwa mwezi uliopita, harusi yake bado... karani wa benki, msichana mzuri, shati lake limepigwa pasi unaweza kujikata nalo, mguu wake wa kulia ni ndugu wa huu wangu wa kushoto, alipanda hapa juu ya meza, nikamzungushia futi, nikamuuliza gauni liburuzike kiasi gani nyuma ukiwa unaingia, akasema, "Mimi siingii. Nimewaambia wanipeleke mapema, wageni waje wanikute nimeshakaa." Nikamuuliza kwa nini, mtu anaingia kwenye harusi yake mara moja tu. Akatazama kioo hiki hiki, akasema, "Dada, nikitembea tu watahesabu. Mabinamu zangu wanakijua chote." Halafu, na hili ndilo linaloniwasha mpaka leo, akatabasamu, "Na kinachekesha, ndiyo shida yenyewe. Mimi mwenyewe kabla sijaanza kuhesabiwa nilikirudia mara kumi." Hakumtukana, hakusema afungwe, alinilipa, akashuka kwa kunishika bega, nami nikalishona lile gauni fupi nyuma, gauni la mtu aliyekaa.

"Dada, unasikiliza?" ananiuliza. Naitikia kwa kichwa. "Pini yako inazeeka humo. Hebu subiri, kuna kimoja, kimoja tu, hiki ndicho chenyewe, lakini lazima nikianzie mbali." Anakohoa, anajipanga, anashusha koti mabegani, na mimi mikono inaendelea, kunja, bana, chomeka, mikono ya fundi haihitaji kichwa, kichwa kiende kitakako... kiende kwa yule fundi saa, kwa nini uende huko leo, wewe kichwa, lakini kimeshakwenda, kibanda chake kilikuwa pale ng'ambo, sasa wanauza makasha ya simu, mwanamume mpole, kucha safi, alikuwa anakuja na saa isiyo na shida anasema imesimama anaomba aazime mwanga wa dirisha langu, dirisha lake lilikuwa kubwa kuliko langu, na siku moja aliuliza, hakupiga magoti wala nini, alisimama pale penye makopo ya vifungo akauliza kama nitakubali awalete wazee wake kwa mama, na mimi nilitoa pini mdomoni, zote, nikaziweka mezani moja moja nisije nikakosea kusema, nikamwambia, "Ndiyo." Wazi kabisa. Akasema atakwenda kwao kuzungumza. Akaenda. Kibanda kikafungwa wiki, kikafungwa mwezi, wakaja watu wengine wakakipaka rangi. Sikumwambia mtu, mama labda alijua, mdogo wangu aliona tu kwamba kulikuwa na mtu anakuja na baadaye haji, sikumwambia kwa sababu namjua, ukimpa jambo asubuhi, jioni lina mkia na pembe. Na bila kupewa akalipata. Siku moja Chiriku alikuwa amesimama hapa hapa mezani, namkunjia suruali ya kahawia, anajaribu nyongeza ya kile cha ndiyo-hapana, anasema, "Sasa akaja bwana mmoja kumposa. Akamuuliza, mpenzi, utanikubali? Dada yangu hakusema kitu, akatembea kidogo." Akachechemea juu ya meza, ndiyo, hapana, ndiyo, hapana. "Yule bwana maskini, mpaka leo hajui jibu."

Na pini ikadondoka. Sikucheka. Midomo ililegea tu, basi, kama mkono unavyolegea ukaachia kikombe, pini ikagonga sakafu, sauti ndogo hivi, na yeye akaruka juu, "Imedondoka! Imedondoka, kinaingia!" akanibusu utosini, akaondoka na suruali haijaisha, na usiku huohuo kikawa cha ulimwengu. Ningesema nini? Ningesema hiyo haikuwa ya kucheka, angeniuliza ilikuwa ya nini, ningelazimika kumpa na jibu, na lile jibu ndilo kitu pekee nilichobaki nacho cha yule mtu, kwamba nilijibu. Kila kicheko kikilipuka pale kwenye "hajui jibu" najisemea moyoni anajua, jamani, anajua, nilimwambia. Mguu sawa, mguu nilikupa mwenyewe tukiwa wadogo, ulinivusha nao njia ya shule. Yule mtu sikukupa. Ulimwokota sakafuni pamoja na pini.

Halafu eti Mama Mwenyekiti ananiambia nikisema tu amekwisha. Sasa mimi nataka aishe? Akinyamazishwa huyu nani atanijia mchana na vichekesho vyake vibichi, nitakaa hapa nasikiliza cherehani na redio ya wapiga simu, na mama pale nyumbani, kumbukumbu zinamponyoka siku hizi, jina langu analitafuta, lakini Chiriku akiingia tu uso unamfunguka, anasema, "Huyu mpuuzi kaja," ndilo neno pekee halijampotea, mpuuzi. Hapana, asifungwe, wala asizibwe mdomo, mimi sitamziba, ila... ila safu ya mbele nayo, taa usoni, nikae nicheke kwa niaba ya miguu yote ya nchi, ya karani wa benki na gauni lake la kukaa, nimwambie na yeye kwamba hakuna kilichomuumiza? Mdomo wangu utakuwa wapi? Huko ukumbini hakuna pini.

"Sasa sikiliza," anasema, na nikimsikia hivi, sauti imeshuka, imepoa, najua kinakuja, mwili wangu unakijua kama unavyojua mvua, nabana midomo, mikono inachomeka pini ya mwisho ya mguu wa kushoto. "Mabibi na mabwana, nimeambiwa kabla ya kuanza nimwombe radhi dada yangu kwa habari ya miguu yake. Nikaona ni haki. Nikaenda nyumbani kwake, nikavua kofia, nikapiga magoti, nikaiomba radhi miguu yenyewe, mmoja mmoja, kwa heshima." Anasita. Ah, anavyojua kusita huyu mtoto, sijui alifundishwa na nani, anakuacha unaning'inia kama nguo kwenye kamba. "Mmoja ukakubali. Mwingine ukakataa." Na ni kizuri. Mungu wangu ni kizuri, kimetulia, hakina hata sindano ya kuongeza, nakisikia kinanipanda kifuani, kinafika kooni, nakikaza, sikupi, Chiriku, leo sikupi, nainamisha uso nisimtazame, naitazama kazi yangu, naitazama suruali... hebu. Hebu ngoja. Mguu wa kulia umelala kisiginoni vizuri. Wa kushoto uko juu, soksi yote nje, kidole gumba kinanichungulia, vidole vitatu kamili. Alama ya chaki ile pale chini, niliipiga mwenyewe, na pini zangu zimepita juu yake kama haipo, safi, sawa, kwa mstari ulionyooka, wala si kosa la haraka, hii ni kazi nzuri kabisa, ni kazi ninayoifanya kila mwaka kwenye sketi zangu mwenyewe, kushoto napandisha vidole vitatu ili nikisimama pindo likae usawa watu wasione, mikono imezoea, kichwa kilikuwa ng'ambo kwa fundi saa, mikono ikaachwa peke yake ikamkunjia mdogo wangu kipimo changu. Suti ya kijivu, ya ukumbini, ya kuombea radhi. Suruali ambayo akitaka ikae sawa mbele za watu lazima ashushe bega la kushoto atembee kama mimi, siyo kuigiza sasa, kwa lazima ya kitambaa... na kicheko kikanitoka, hakikuomba ruhusa, kimetoka tumboni, pini imeruka, si moja, mbili, zimegonga sakafu.

"Imedondoka!" Mikono juu, chaki imekatika vipande, "Imedondoka, dada! Mbili! Kinaingia! Tumepona, leo tumepona!" anacheza juu ya meza, meza inalia, na anainama anibusu utosini kama siku ile, sakafu ni ile ile, pini ziko palepale zilipoanguka siku ile, na mimi naona jinsi itakavyokuwa, atashuka, ataondoka, usiku kitakuwa cha ulimwengu, na dada yake atakuwa alikubali kwa pini mbili. Nanyanyua mkono. Natoa zilizobaki mdomoni, moja moja, naziweka mezani karibu na kidole chake cha gumba, kwa mpango, kama nilivyowahi kuziweka mara moja tu maishani, nisije nikakosea kusema.

"Hiyo haikuwa yako," namwambia.

"Haikuwa yangu vipi? Nimesema, umecheka."

"Nimecheka yangu. Jitazame miguuni."

Anajitazama. Kwanza kwenye kioo, halafu chini, halafu kwenye kioo tena, na mimi nangoja, anageuza mguu, anaunyoosha, suruali iko juu, anajaribu kusimama hivi na hivi, halafu polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani, analiachia bega la kushoto lishuke, nyonga inafuata, pindo zinakuja sawa, usawa wa kupigia mstari, na anabaki hivyo. Mdogo wangu hasemi kitu, sijui kama niliwahi kuona jambo hili, anatazama kwenye kioo mtu aliyesimama pale, na si jukwaani, hakuna anayehesabu, uso wake mwembamba uleule wa siku ile aliporudi nyumbani na jino mkononi. Halafu anasema kwa sauti ya nyumbani, siyo ile nyingine, "Kumbe ndivyo unavyoshona zako." Ndivyo. "Siku zote?" Siku zote. "Mimi nilidhani zinakaa sawa zenyewe." Naye anaanza kucheka, kidogo, kwa pua, macho yamejaa, namjua, najua kinachofuata kabla hakijafika, hakuna jambo linalompata huyu likabaki jambo tu, na anachuchumaa pale juu ya meza uso wake ukiwa karibu na wangu, "Dada, hii... hii usiibadilishe. Hii ya suruali. Nipe hii. Nipe, nitoke nayo leo. Naomba."

Naomba. Nalisikia neno hilo kama kitu kimeanguka chumba cha pili. Miguu hakuiomba, fundi saa hakumwomba, meza hii hakuniuliza nataka ya namna gani, huyu maisha yake yote anachukua na kutoa kwa mikono ileile, kwa upendo uleule, hajawahi kusimama katikati akauliza. Namwashiria kwa kidole, inuka, simama wima. Anainuka, anasimama wima, hatikisiki. Naokota pini sakafuni, naipangusa kwenye gauni langu, nairudisha mdomoni, na nyingine, na zote, midomo inazibana kama ilivyozoea, nasogeza kigoda, kwii, nashika pindo la kushoto, silipandishi, silishushi, nimelishika tu. Huko juu anangoja. Nitamwambia nikishamaliza. Suruali ndiyo, achukue, atoke nayo aone mwenyewe ilivyo kutembea nayo mpaka kwenye kipaza sauti bila kushusha bega. Fundi saa hapana, leo amtoe kwenye kichekesho na asimrudishe, na akiuliza kwa nini nitamwambia kwamba yule bwana alijibiwa, basi, hayo mengine ni yangu. Na safu ya mbele sikai, nitasimama kando kule juu jukwaani, naye akimaliza atanipa kipaza sauti nikishonee kichekesho chetu mwisho wake, kile kipande alichokikata, "lakini tunafika," nikiseme mimi, kwa mdomo usio na pini, na kesho nimpelekee neno karani wa benki kwamba gauni lake bado lina kitambaa cha kutosha nyuma, anaweza kuingia akitaka. Lakini haraka ya nini. Nje mtu anapita anapiga mluzi, pasi inapoa, suruali bado haina upindo, na Chiriku amesimama juu ya meza yake ananitazama midomo, maskini, hajui jibu, mimi ninalijua.